Kijana akipata nafasi ya kusoma asteroidi, mwacheni aende

Hapa Tanga siku hizi kijana akimaliza fizikia au jiolojia ushauri ni ule ule, subiri ajira za Chongoleani, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia pale. Ukimwambia mzee wake kwamba mtoto amepata nafasi Ulaya ya kufanya PhD, yaani shahada ya uzamivu, ya asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua, anakuuliza hayo mawe ya angani yatamlisha nani. Swali ni la haki kabisa, ila wengi wanaouliza hawajaambiwa nafasi zenyewe zikoje.

Kwanza huyu hatakuwa ombaomba. Ujerumani, Uholanzi au Sweden mwanafunzi wa PhD mara nyingi anaajiriwa, ana mkataba wa miaka mitatu au minne na mshahara wa kila mwezi. Zile nafasi za Marie Skłodowska-Curie zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya zinapokea watu wa taifa lolote, sharti mojawapo ni usiwe umekaa nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita, sasa kijana wa Ngamiani ambaye hata mpaka wa Horohoro hajavuka hapo hana tatizo. Na kazi yenyewe sehemu kubwa ni kompyuta na data. Darubini ya Vera Rubin kule Chile, ilipotoa picha za kwanza Juni 2025, ilikuwa imeshapata asteroidi mpya 2,104 kwa saa kama kumi tu za kuangalia anga. Mtu anayeweza kuchambua data kama hizo hata benki na bandari zitamtaka.

Lakini linaloniuma mimi ni Ivuna. Vimondo vingi ni vipande vya asteroidi vilivyoanguka duniani. Kimondo cha Mbozi tunakijua wote, tani 16, watu wanaenda kupiga picha. Cha Ivuna kilianguka mkoa huo huo wa Songwe wa leo, tarehe 16 Desemba 1938, kama gramu 700 tu, na kwa wanasayansi hicho ndo lulu, kwa sababu ukitoa gesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia sana ule wa Jua lenyewe. Vimondo vya aina hiyo duniani ni vichache mno na kundi lao zima limepewa jina la Ivuna. Sasa Wajapani wakarusha chombo cha Hayabusa2 mwaka 2014 kwenda asteroidi ya Ryugu, kikarudisha gramu 5.4 za vumbi lake Desemba 2020, wakapima wee, wakakuta vumbi lile linafanana zaidi na vimondo vya kundi la Ivuna! Miaka sita ya safari, na ndugu yake alishadondoka kijijini kwetu kabla hata ya uhuru. Kipande kikubwa kipo makumbusho London, mwanafunzi wa Songwe akitaka kukigusa aombe huko. Tunaweza kudai kirudi, sawa, kirudi kwa nani, nani atakipima?

Wanaopinga wana hoja nzito na sitaki kuipunguza. Baada ya PhD kunakuja mikataba ya miaka miwili mitatu, leo nchi hii kesho ile, ajira za kudumu ni chache na wanaozigombea ni wengi. Bajeti nazo zinayumba, mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kukata karibu nusu ya pesa za sayansi za NASA. Mama amebaki Chumbageni anazeeka, kijana akitaka kurudi hakuna maabara inayomsubiri, basi anabaki huko huko na sisi tumepoteza mtu. Hilo la mwisho ni kweli na ni kosa letu, vyuo vyetu vingetenga hata nafasi mbili za watafiti wanaorudi lingepungua, ila hata hizo mbili lazima awepo wa kuzishika.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi ya Apophis, upana wake zaidi ya mita 300, itapita kama kilomita 32,000 kutoka ardhini, chini ya zinakokaa satelaiti za televisheni, na sisi wa Afrika tutaiona kwa macho. Wanaoingia kwenye mikataba hii sasa watakuwa kazini usiku ule. Kwa hiyo wazee, badala ya kumuuliza mtoto mawe yatamlisha nani, kaeni naye msome mkataba, nani analipa, kwa miaka mingapi, bima ipo, viza nani anagharamia. Majibu yakieleweka, mpeni baraka aende.