Ukuta wa Bafuni Upewe Mbao za 2x6

Anayejenga nyumba ya mbao Marekani au Kanada hulazimika kuamua mapema: kuta za ndani ziwe za 2x4 zote? Wengi hukubali kwa sababu ya bei, na kwa vyumba vya kulala na sebule hawakosei. Kosa ni kuutia ukuta wa bafuni katika hesabu hiyohiyo. Ukuta unaopitisha bomba la choo ujengwe kwa 2x6, na jambo hilo liamuliwe kwenye mchoro, kabla msumari wa kwanza haujapigwa.

Tuanze na vipimo vyenyewe, maana majina ya dukani yanapotosha. Mbao ya 2x4, ikishakaushwa na kurandwa, ina inchi 1½ kwa 3½, yaani milimita 38 kwa 89. Ya 2x6 ina inchi 1½ kwa 5½, yaani milimita 38 kwa 140. Mabomba nayo yana tabia hiyo kwa upande wa pili: bomba la PVC la maji taka linaloitwa la inchi 3, ambalo ndilo la choo, kwa nje lina inchi 3½ kamili. Kwa hiyo kwenye karatasi linaenea ndani ya ukuta wa 2x4 bila kubakiza nafasi hata kidogo. Lakini bomba halisimami bila viungio. Soketi na tii hufika karibu inchi 4 kwa nje, na hapo bodi ya jipsamu hailali tena juu ya mbao. Inatokeza tumbo, skrubu zinaipasua, na vigae vinavyobandikwa juu yake haviwezi kunyooka.

Athari nyingine ni kwenye mbao za kulala, ya chini na ya juu. Ukitoboa tundu la bomba hilo kwenye mbao yenye upana wa inchi 3½, umeikata vipande viwili. Kwa ukuta wa nje au unaobeba mzigo, kanuni za IRC za ujenzi wa nyumba za makazi, ambazo majimbo mengi ya Marekani huzitumia na marekebisho yao, zinasema ukikata zaidi ya nusu ya upana wa mbao ya juu lazima uiunge kwa ukanda wa chuma wenye upana wa inchi 1½, misumari minane kila upande. Mbao ya 2x6 nayo itahitaji ukanda huo, lakini angalau inabaki mbao ya kushika misumari pembeni mwa tundu.

Mafundi waliozoea kuta za tofali Afrika Mashariki wana njia yao: ukuta unasimama kwanza, kisha unatinduliwa, bomba linalazwa, plasta inafunika. Kwa tofali inawezekana. Kwa mbao, kila ulichotindua ni nguvu uliyoiondoa kwenye nguzo, na mkaguzi atapima. Katika ukuta unaobeba mzigo, tundu lisizidi asilimia 40 ya upana wa nguzo, na pengo linalokatwa ukingoni mwake lisizidi asilimia 25. Ukuta usiobeba mzigo unaruhusiwa tundu la asilimia 60 na pengo la 40. Kote, ukingo wa tundu ubaki angalau inchi ⅝ kutoka ukingo wa mbao.

Zitie hesabu hizo kwenye bomba halisi. Bomba la inchi 2 la bafu lina inchi 2⅜ kwa nje, hivyo linataka tundu la 2½. Kwenye 2x4 hilo ni asilimia 71: halipiti popote, ukuta ubebe mzigo au usibebe. Kwenye 2x6 ni asilimia 45, linapita vizuri kwenye ukuta usiobeba mzigo. Kwenye unaobeba mzigo bado limezidi! Hapo nguzo zinapigwa mbilimbili ndipo zitobolewe hadi asilimia 60, na nguzo za namna hiyo zinazofuatana zisizidi mbili. Wengi hudhani 2x6 imemaliza kila kitu, haijamaliza. Ndiyo maana napendelea ukuta wa mabomba uwekwe pale ambapo haubebi sakafu ya juu. Usisahau mteremko: inchi ¼ kwa kila futi, kwa hiyo nguzo zikiwa kila inchi 16, kila tundu lishuke thuluthi ya inchi kuliko lililotangulia.

Faida nyingine ya 2x6 haisemwi sana. Bomba likiwa karibu na uso wa mbao kuliko inchi 1¼, ni lazima liwekewe bamba la chuma ili skrubu ya jipsamu isilitoboe. Kwenye 2x4, tundu la katikati likizidi inchi 1 tu, mabamba yanahitajika pande zote mbili. Kwenye 2x6 unafika inchi 3 kabla ya kuyahitaji.

Gharama? Ukuta wa futi 8 unachukua nguzo saba, na nafasi unayopoteza sakafuni ni futi 1⅓ za mraba. Ni kidogo mno kulinganisha na kubomoa vigae.

Kuta za nje ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu huchanganya. Unene wao ni kwa ajili ya joto, si mabomba. Ukuta wa 2x4 unapokea sufi ya kuzuia joto ya R-13 au R-15 (R ni kipimo cha kuzuia joto; ikiwa kubwa, joto hupita kidogo). Wa 2x6 unapokea R-21 ya kioo au R-23 ya mawe. Usinunue R-19 ya kawaida: imetengenezwa na unene wa inchi 6¼, na ukiibana ndani ya 5½ inabaki R-18. Tena mbao yenyewe hupitisha joto, kwa kuwa nguzo ya inchi 5½ ina kama R-7 tu. Kwa hiyo kanuni za nishati za IECC za 2021, kwa kanda za hali ya hewa za 4 hadi 8, zile zenye baridi, zinakubali R-20 ndani pamoja na R-5 ya foamu nje, au R-13 ndani na R-10 nje. Kwa baridi kali kama ya Minnesota, naiona foamu ya nje ni ya lazima kuliko mbao nene.

Bomba la maji safi lisiwekwe ukuta wa nje. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Bomba la PEX, lile la plastiki inayopindika, linaweza kuvumilia, viungio vyake havivumilii. Kama sinki la dirishani halina njia nyingine, pandisha bomba kupitia sakafu ndani ya kabati. Likilazimika kupita ukutani, libanwe upande wa chumba, na sufi yote ikae nyuma yake, kamwe isiwe mbele.

Na kama kuta za 2x4 zimekwisha kusimama, ongeza mbao za 2x2 juu ya kila nguzo upate inchi 5. Soketi ya choo itaenea. Kwa njia yoyote, agiza fremu ya mlango kwa unene halisi wa ukuta wako: kwa mfano, ukuta wa 2x6 wenye jipsamu ya nusu inchi pande zote unataka fremu ya inchi 6 9/16, si ile ya 4 9/16 iliyojaa madukani.