Setilaiti inapita asubuhi, Tabora inakosa usingizi usiku

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, mtu wa Isevya, kata ya mji wa Tabora, hangoji kompyuta imwambie kwamba mji una joto. Anatandika mkeka nje, anakaa mpaka kuta zipoe. Lakini ramani ya joto iliyochorwa kwa picha za setilaiti, kwa mji uliozungukwa na mashamba makavu kama wetu, inaweza kuonyesha kinyume: mashamba yanawaka, mji una nafuu. Kwa ramani kama hiyo, wapo wanaoona modeli za joto la mijini, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria joto la mtaa, ni mchezo wa wataalamu wa nchi za baridi.

Ramani haidanganyi. Landsat 8, setilaiti ya Marekani iliyorushwa mwaka 2013, hupita juu yetu kila baada ya siku 16, kwenye saa tano hivi asubuhi. Saa hiyo udongo mtupu umeshachemka, mjini bado kuna vivuli vya miembe na kuta. Tena inapima joto la uso wa vitu, si la hewa tunayovuta. Kisiwa cha joto, yaani mji kuwa na joto kuliko vijiji vinavyouzunguka, ni jambo la usiku zaidi: shambani ardhi inapoa upesi, mjini tofali na lami zinaendelea kutema joto zililolimeza mchana. Mwingereza Luke Howard, mfuatiliaji wa hali ya hewa, aliliona hilo London mwanzoni mwa karne ya 19, kwa vipimajoto tu.

Wenye shaka wana hoja. Mwaka 1973 T. R. Oke, mtaalamu wa hali ya hewa ya mijini, alionyesha kuwa kisiwa cha joto hukua kadiri watu wa mji wanavyoongezeka, ila miji aliyoitumia ilikuwa ya Amerika Kaskazini na Ulaya. Kwetu kuna majira. Wakati wa mvua udongo wa pembezoni umelowa na unatunza joto nao, hivyo tofauti kati ya mji na shamba hupungua; wakati wa kiangazi tofauti hiyo hupanuka.

Halafu kuna bati. Likiwa jipya linarudisha jua na kutoa mionzi michache ya joto, hivyo setilaiti hulisoma kuwa la baridi kuliko lilivyo. (Aliyewahi kupanda paani saa nane mchana kufunga antena anaujua ukweli.) Likishika kutu, hesabu inageuka. Na chini yake kuna tofali za kuchoma, ambazo usiku wa manane bado zina vuguvugu. Mwaka 2012 Oke huyo na mwenzake Stewart waligawa mandhari katika makundi 17, likiwemo la nyumba fupi za vifaa vyepesi kama mabati. Ni hatua nzuri, lakini nyumba ya Ng'ambo, kata nyingine ya Tabora, ni nyepesi juu na nzito chini. Uiweke kundi gani?

Hata hivyo siungi mkono kuzitupa modeli. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinakaa ndani ya kibanda cheupe, mahali pa wazi penye nyasi. Hakiwezi kukuambia usiku utakuwaje katika kata ya pembezoni vikipimwa viwanja bila kuacha nafasi ya mti hata mmoja. Modeli inaweza: unaujenga mtaa ndani ya kompyuta, unakata miembe, unamwaga lami, kisha unatazama. Kigoma ndiyo zaidi, maana kule upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu mchana, usiku hugeuka, na vilima vinaupinda. Vipimajoto viwili vitatu havitaeleza hayo.

Mimi ningeanza na cha bei nafuu. Vipimajoto vidogo vyenye kuhifadhi kumbukumbu, dazeni mbili, vifungwe kivulini kwa kimo cha mtu kuanzia stesheni hadi mashambani, viachwe mwaka mzima. Kisha modeli ipimwe kwa namba za usiku. Ikipatia usiku wa mwezi wa kumi, apewe afisa mipango miji. Ikikosea, irudi kwa aliyeiunda, na aanze kwa kukagua alivyoliandika bati ndani ya modeli.