Mzee ameacha kwenda barazani: ni sonona au ni mchango?

Kila anayezungumzia afya ya akili ya wazee siku hizi ana dawa moja: mzee atoke, achanganyike na watu. Ajiunge na kikundi, aende msikitini au kanisani, acheze bao. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021.

Sipingi. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa wazee wanaoshiriki mambo ya jamii hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, kwa kiwango kidogo kuliko wanaojifungia. Lakini kipi kilitangulia? Sonona yenyewe humwondolea mtu hamu ya kutoka, kwa hiyo anayewapima wazee siku moja tu hawezi kujua kama upweke umeleta ugonjwa au ugonjwa umeleta upweke. Watafiti waangalifu huanza na wasio na dalili na kuwafuatilia kwa miaka. Hata hapo uhusiano mara nyingi hubaki, ila hupungua.

Mchukue mzee aliyeacha kwenda barazani. Nyumbani wanasema amekuwa mkimya, ana mawazo. Ukikaa naye unakuta masikio yamechoka: utani unampita, wenzake wakicheka naye anacheka kwa kubahatisha, na siku aliyojibu kisichoulizwa walimcheka yeye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 25 ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza. Mwingine ana mtoto wa jicho na anaogopa bodaboda barabarani. Kuwahimiza hawa watoke ni kuwaonea, waanzie kliniki.

Halafu kuna pesa. Kwetu kushiriki kuna bei: msiba una daftari, harusi ina kadi na ahadi, kikoba kina hisa. Bibi asiye na kitu anasema mguu unamuuma, kumbe anakwepa jina lake kusomwa bila kiasi mbele ya watu. Ndiyo maana naona pensheni ya wazee ni sera ya afya ya akili, hata kama haijaandikwa hivyo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wote wenye miaka 70 na kuendelea, Sh20,000 kwa mwezi wakati huo. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, huwapa wa umri huo Ksh2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini mchango wa msiba unatoka.

Wapo watakaosema pesa hainunui wenzi, na wana hoja. Mstaafu mwenye pensheni nono anaweza kuwa mpweke kuliko jirani yake maskini: alizoea kupigiwa simu na watu wenye shida ofisini, na shida zao sasa ziko kwa mwingine. Huyu hakupungukiwa mchango, amepungukiwa kazi ya kuwafanyia watu. Upande wa pili yupo bibi anayelea wajukuu watano. Dodoso likimuuliza anaishi na wangapi, atapata alama nzuri kabisa, ilhali hana mtu wa rika lake wa kuongea naye tangu asubuhi hadi wajukuu walale.

Kwa hiyo mimi ningeuliza mzee anahitajika wapi, na na nani, kabla ya kuuliza anatoka mara ngapi. Zimbabwe wana mfano. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, waliofundishwa kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu kupanga namna ya kukabili matatizo yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, kwenye kliniki 24, lilionyesha dalili za wagonjwa zimepungua baada ya miezi sita kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Jaribio hilo lilipima wagonjwa. Ningependa kuona halmashauri zetu zikijaribu kitu cha namna hiyo na kuwapima bibi na babu wenyewe pia, kabla ya kutumia fedha kujenga mabanda ya kuwakusanya wazee watazame televisheni.