Masale kumi na moja

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Naanza na hilo ili mnionee huruma mapema.

Krismasi yangu ya kwanza ukweni, Marangu, nilitaka nionekane mke mwenye mikono. Hela ilikuwa imeishia kwenye nauli na zawadi za ndugu (Wachagga wakipanda nyumbani Desemba hawapandi mikono mitupu), nikasema mapambo sinunui, shamba limejaa. Majani makavu ya mgomba nikasukia nyota, zikatoka kama kata za kubebea ndoo. Buni nikatunga kwenye uzi. Sindano iliponichoma mara ya nne nikaacha. Maharage mekundu niliyabandika kwa gundi, nikaenda kunywa chai, kuku wakamaliza kazi.

Ndipo nikayaona, pembezoni mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, mstari mzima: majani marefu, ya kijani, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta. Ukilivuta jani halichaniki. Ukilipiga fundo linatulia kama utepe. Nikashika panga, nikafyeka mstari wote, mashina kwa majani. Majani marefu kuliko yote nikayapiga fundo, katikati ya kila moja nikachomeka tunda kavu la msonobari. Yakapatikana kumi na moja. Kumi nikayatundika mlangoni na sebuleni, hadi kwenye kiti cha mama mkwe. La kumi na moja nikamtuma mtoto kwa mzee wa jirani: "Mwambie Mama amekuletea."

Mama akarudi kutoka kanisani. Akasimama mlangoni, mkoba ukamdondoka.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimepamba, Mama."

"Nakuuliza umefanya kosa gani! Hata mtu akiua ng'ombe wa mwenzake analeta sale moja. Wewe kumi?"

Huko Muheza nani angeniambia? Kumbe kwa Wachagga jani la sale lililopigwa fundo ni ombi la msamaha, na ukishaletewa, kukataa ni mwiko. Baba mkwe akaitwa. Shangazi wawili wakaja bila kuitwa. Mume wangu akatolewa kwenye kuchuna mbuzi, kisu mkononi. Kuona majani yale, akapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Zile mbao ni mimi niliyeuza."

Hakuna aliyekuwa anamshuku. Kwa ajili ya mbao zile walishamfukuza kibarua mmoja mwaka uliotangulia.

Nikawa naeleza kwamba ni mapambo tu, ni mapambo, hakuna anayenisikiliza, mara hodi. Mzee wa jirani, koti la kanisani, ndoo ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi, macho yamemlowa. Mama na yeye walikuwa hawajasalimiana miaka mingi, kisa mpaka wa shamba.

"Mama," akasema, "sale yako nimeipokea. Yaishe."

Mama akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Halafu akameza mate, akatabasamu kwa shida, akasema, "Yaishe, Mzee. Karibu."

Kata ya mbege ikazunguka. Shangazi wakapiga vigelegele. Mzee akapiga mafunda mawili marefu, akajifuta mdomo, akaangalia dirishani kuelekea shambani. Akaangalia tena. Kisha akageuka taratibu, akayahesabu mapambo yangu mlangoni, moja moja.

"Mama, samahani kidogo," akasema. "Mpaka wetu uko wapi?"