Petunia za Nkuhungu

Nilihamia Dodoma kikazi, kama wengi waliofuata makao makuu, nikamwacha mke wangu Dar na vyungu vyake 37 vya maua. Kwetu maua ni idara yake. Mimi nilikuwa mbeba vyungu na mtoa maoni, na maoni yenyewe hayakuwa na msikilizaji.

Basi nilipopata nyumba ya kupanga Nkuhungu, yenye uwanja mtupu wa mchanga mwekundu na mwarobaini mmoja, akanikabidhi pakiti ya mbegu za petunia. "Mvua za kwanza zikinyesha, panda. Februari nakuja na mama, nataka tukute maua." Mama huyo ni mkwe wangu. Tangu nimemfahamu hajasifia chochote cha kwangu isipokuwa mahari, nayo aliisifia kwa neno moja: "Imetosha."

Mbegu ya petunia ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani. Na haifukiwi, inanyunyizwa juu ya udongo laini na kuachwa hapo, maana bila mwanga haioti. Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilizichimbia kina cha kidole, kama mahindi. Kisha, kwa kuwa mchanga wa huku haushiki maji wala rutuba, nikanunua guta zima la samadi ya mbuzi, imetoka zizini asubuhi ileile, nikaitandaza juu. Samadi inatakiwa ikae miezi ioze kwanza, la sivyo inaunguza. Kwa hiyo zile mbegu nilizifanyia maziko ya dini mbili: nilizizika, halafu nikazichoma.

Na bado zikaota!

Siku chache baada ya mvua ya Desemba tuta zima lilikuwa kijani. Nilipiga picha mpaka simu ikajaa. Mke wangu akauliza kwa nini majani yana meno pembeni. Nikamjibu kwamba hali ya hewa ya Dodoma ni kavu, mmea lazima ujitetee. Aliandika "mh". Mh ya mke wangu nimeishi nayo miaka kumi na moja, nilipaswa kuiheshimu.

Januari mvua ikaaga, kama inavyofanya miaka mingine huku: inakunong'oneza Desemba, halafu inakuacha na mashamba yako. Bomba nalo likawa la mgao. Nikaanza kununua maji, dumu la lita 20 kwa shilingi 500, madumu mawili kila jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa naoga nusu ndoo. Nilifukuza kuku. Nilimkimbiza mbuzi wa watu nikiwa na kandambili moja. Mashina yalipolala kwa jua nikayasimamisha kwa fito na kamba za katani. Siku moja nilikata kikonyo, nikaona mkono unateleza kama niliyeshika sabuni. Nikafurahi. Nikasema hiyo ndiyo siri ya petunia kuvumilia ukame.

Kisha yakaja maua. Zambarau hafifu, umbo la tarumbeta. Kwenye pakiti pia palikuwa na tarumbeta ya zambarau. Yangu yalikuwa madogo na yameinama kidogo, lakini jamani, tarumbeta ni tarumbeta.

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kigogo, alikuwa akipita kila asubuhi.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mjukuu wangu, zako zimependeza. Sasa zimefika."

"Nimezihangaikia, bibi."

"Naona. Na maji ya kununua!" Akacheka mpaka akashika uzio. "Siku moja nitakuja kuchuma kidogo."

Nikajua anataka shada la kupeleka kanisani. Nikasema kwa ukarimu wote, "Chuma tu bibi, hata nisipokuwepo."

Februari nikaenda kuwapokea kwenye treni ya mwendokasi. Njia nzima nilikuwa nahubiri petunia. Mkwe alikuwa anatazama nje. Tukafika, nikafungua geti kwa madaha, nikawapisha wageni waone.

Tuta lilikuwa limenyolewa. Zilibaki fito zangu na kamba za katani. Chini ya mwarobaini bibi ameketi kwenye kigoda na wenzake wawili, katikati yao ungo umefurika.

"Mmechelewa!" alisema. "Tumewachumia na zenu."

"Bibi, maua yangu?"

"Maua gani?"

Mke wangu akainama, akatoa kikonyo kimoja kwenye ungo, akakigeuza, akanusa. Akanitazama. "Baba watoto. Hii ndiyo uliyokuwa ukinirushia picha kila asubuhi?"

"Hii ilende," bibi akasema kwa upole, kama anayempa mtu habari za msiba. "Mlenda. Huupandi, unajiotea. Umekuja na mavi ya mbuzi, au ulikuwa humo humo mchangani unangoja mvua. Mtaa mzima tulikuwa tunajiuliza huyu mgeni anapenda mlenda kiasi gani mpaka auwekee fito."

Mtaa mzima! Kumbe wale waliokuwa wakisimama kunisalimia jioni walikuja kutazama mtu anayemwagilia mboga ya porini kwa shilingi elfu moja kwa siku.

Jioni ile bibi aliupika mwenyewe, akatia magadi kidogo na karanga zilizotwangwa, ugali ukawa wa uwele. Mke wangu alikula huku akitetemeka mabega kwa kicheko. Mkwe hakucheka. Alikata tonge, akachovya, mlenda ukamfuata hadi karibu na kidevu, akaukata kwa kidole kama aliyezaliwa Bahi. Akarudia. Bakuli likaisha. Akapangusa midomo, akanigeukia mimi, na meza nzima ikanyamaza.

"Imetosha," alisema, akasogeza bakuli liongezwe.