Ukienda Chatsworth, anzia Eyam

Wageni wengi wanaofika Derbyshire, Uingereza, hukimbilia jumba la Chatsworth, wakapige picha za bustani na dari zilizochorwa, kisha wapite Bakewell kuonja pudini yake. Eyam, kijiji cha jirani tu, hupewa nusu saa ya mwisho watu wakiwa hoi. Mimi naona ratiba hiyo imekaa kichwa chini miguu juu.

Mwaka 1665 fundi wa nguo wa Eyam aliletewa vitambaa kutoka London. Inasimuliwa kwamba vilikuwa vibichi, msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto, kumbe vina viroboto wa tauni. Viccars akafa Septemba ile ile. Kiangazi cha 1666 kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawaomba wanakijiji wasitoke, maradhi yasisambae. Wakakubali. Walikufa watu wapatao 260.

Sifa humwendea Mompesson, na kweli mkewe Catherine amelala pale uani kwa kanisa. Ila watoto wake alikuwa ameshawatoa kijijini kabla ya zuio. Simlaumu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini heshima yangu mimi naipeleka kwa Elizabeth Hancock wa shamba la Riley. Ndani ya siku 8 za Agosti alizika mume na watoto 6, yeye mwenyewe, bila wa kumsaidia. Makaburi yako nje kidogo ya kijiji, katikati ya malisho, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Panda kwa miguu.

Ukishuka, fuata njia ya kwenda kijiji cha jirani, Stoney Middleton, hadi jiwe la mpaka. Lina vitundu 6. Humo watu wa Eyam walitia sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, na majirani wakawaachia chakula. Kidole gumba kinaingia vizuri tu.

Bwana wa Chatsworth naye alikuwa miongoni mwa waliotuma chakula. Jumba la leo lilianza kujengwa upya 1687, lakini ukifika huko umeshatoka Riley, huwezi kuishia kushangaa dari.

Kama una nafasi ya kuchagua tarehe, nenda Jumapili ya mwisho ya Agosti. Ibada ya kumbukumbu hufanyika Cucklet Delf, bonde ambako Mompesson alihamishia ibada ili watu wasibanane kanisani. Vaa viatu vya matope.