Michoro ya De Bry: kabla hatujaitupa tuangalie dungu

Siku hizi ukitaja michoro ya Theodor de Bry ya wenyeji wa Amerika watu wanakunja uso, propaganda ya wakoloni hiyo, itolewe vitabuni. Hasira yao naielewa. Jamaa alikuwa fundi dhahabu mzaliwa wa Liège, akachapisha vitabu vyake Frankfurt, na Amerika hajaikanyaga mpaka anakufa 1598. Ile michoro yake ya 1592 ya Watupinambá wa Brazil wakila watu ilisaidia sana kuwajaza Wazungu vichwani kwamba ng'ambo huko kote ni wala watu, na madhara hayo siyapingi.

Lakini chukua kitabu chake cha 1590 cha Virginia, huko pwani ya Amerika Kaskazini. Humo alifuata picha za rangi za maji za John White, mchoraji Mwingereza ambaye alifika mwenyewe kisiwa cha Roanoke huko 1585, na picha hizo zipo British Museum, kwa hiyo unaweza kuziweka pembeni ya michoro ukaona kabadili nini. Sura kazifanya za Kizungu, kweli. Kuna binti wa Pomeiooc, kijiji cha wenyeji wa huko, kwa White kashika mdoli aliyevalishwa nguo za Kiingereza, de Bry akamwongezea na kayamba la kuchezea.

Sasa angalia kijiji kingine cha wenyeji, Secotan. Mahindi yamechorwa kwa hatua, shamba moja ndo kwanza yanachipua, lingine mabichi, lingine yameshakomaa, na kwenye yaliyokomaa kuna kibanda kimeinuliwa juu na mlinzi wake ndani, kazi yake kupiga kelele ndege na wanyama wasile. Si dungu hilo jamani? Yeyote aliyewahi kuamia ndege shambani haelezwi, anajua kabisa kwamba anayepishanisha mahindi yake hivyo ni mkulima anayehesabu miezi, sio mtu wa kuokoteza porini, na ushahidi huo umetufikia kwa mkono wa huyohuyo de Bry.

Tena mwishoni mwa kitabu kaweka Wapicti, watu wa kale wa Uingereza, uchi, miili imejaa michoro, mmoja kashika kichwa cha mtu, akasema wazi ni kuonyesha Waingereza nao zamani walikuwa washenzi kama watu wa Virginia. Dharau imo humo, ila Mzungu wa 1590 alikuwa anaambiwa ajitazame yeye kwanza.

Mimi ningeuacha mchoro kitabuni, wa White nikauweka pembeni, halafu mwanafunzi aulizwe kayamba limetoka wapi.